Nikiacha mkorogo uso unawaka moto: je, ngozi yangu imeshazoea?

"Shikamoo daktari. Nina miaka 25, kwetu Muheza, naishi Tanga mjini peke yangu, chumba kimoja Ngamiani, kodi elfu arobaini. Nauza kwenye duka la simu. Ni mwaka na nusu sasa natumia mkorogo ninaochanganyiwa saluni, elfu kumi na tano kikopo, unakwisha wiki tatu. Nimekuwa mweupe kweli na dukani nasikilizwa kuliko zamani, hilo silifichi. Lakini nikiacha siku tatu nne uso unawaka moto, unawasha, unakuwa mwekundu na vipele vinatoka. Nikipaka tena unatulia. Vifundo vya vidole na visigino vimegoma, vyeusi vilevile. Mama akiniona analia, anasema nimeukana uzao wake. Mimi naona mwili ni wangu, kodi nalipa mwenyewe, wasanii tunaowapenda karibu wote ni weupe, na Wazungu wanajianika jua kule Ushongo wapate rangi, hakuna anayewasema. Naomba uniambie: je, ngozi yangu imeshazoea kiasi kwamba haiwezi tena bila mkorogo? Na kama mkorogo ni mbaya, sindano za kung'arisha ndiyo salama?"

Marahaba mwanangu. Nianze na huo moto wa usoni, maana ndio unaokurudisha kwenye kikopo kila mara, na ndio uliouelewa kinyume.

Wewe unahesabu hivi: nikiacha naungua, nikipaka napona, basi mkorogo ndiyo dawa yangu. Kumbe moto wenyewe umewashwa na mkorogo. Mikorogo inayong'arisha upesi namna hiyo mara nyingi ina steroidi kali, zile zinazoandikwa clobetasol au betamethasone kwenye tyubu ndogo za famasi. Ni dawa halali, na nzuri. Mimi huiandika kwa mgonjwa wa pumu ya ngozi, sehemu ndogo, wiki moja hadi mbili, na maelezo ya clobetasol yenyewe yanakataza kuvuka gramu 50 kwa wiki au kupaka zaidi ya wiki mbili mfululizo. Wewe umepaka mwaka na nusu.

Steroidi ikiingia kwenye ngozi inabana mishipa midogo ya damu. Damu ikipungua, ngozi inapauka. Hata nguvu za dawa hizi hupimwa kwa njia hiyo: mtu anapakwa kidogo mkononi, kisha inaangaliwa pale palivyopauka. Kwa hiyo sehemu ya weupe ulioushangilia wiki ya kwanza haikuwa rangi hata kidogo, ilikuwa damu iliyofukuzwa. Baadaye dawa inazidumaza seli zinazotengeneza rangi, na ngozi inakonda. Siku ukiacha, mishipa iliyobanwa miezi kumi na minane inafunguka yote kwa mara moja. Damu inajaa, uso unakuwa mwekundu, unachoma, vipele vinatoka. Ukipaka tena, inabanwa tena, unapumua. Hiyo ni arosto, mwanangu, kama ile ya vijana wa unga, ila hii ni ya ngozi. Na arosto ina mwisho wake. Kwa wengine ni wiki kadhaa, kwa waliopaka muda mrefu kama wewe inaweza kufika miezi, lakini ngozi inarudi kujitegemea. Nimeiona ikirudi mara nyingi.

Sasa nisikilize vizuri hapa. Sitaki usome haya halafu leo jioni utupe kikopo kwa hasira na kukaa nayo peke yako. Juu ya kila figo una tezi ndogo inayotengeneza kotisoli, homoni inayoubeba mwili wakati wa homa, jeraha au njaa. Steroidi ikipakwa mwili mzima kwa miezi inapenya hadi kwenye damu, mwili unaona kotisoli ipo ya kutosha, tezi zinapumzishwa. Ukikata ghafla, tezi hazijaamka. Kwa sababu hiyo steroidi nyingi na za muda mrefu tunazipunguza kwa ngazi: kali, kisha ya kati, kisha hafifu, kisha mafuta tu. Ikiwa tayari umeacha na unajisikia mnyonge kupita kiasi, unatapika, kizunguzungu kinakukamata ukisimama au unakaribia kuzimia, usingoje kliniki ya ngozi. Chukua bajaji uende hospitali saa hiyohiyo, useme wazi kwamba umekuwa ukipaka mkorogo. Usione haya. Asiyeambiwa hilo anaweza kukutibu malaria huku shida iko kwingine.

Kuna jambo moja linaligeuza shauri hili, nalo ni zebaki. Baadhi ya krimu na sabuni za kung'arisha zinayo, na hiyo haipunguzwi kwa ngazi, inaachwa siku hiyohiyo. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi waliandika kuhusu wagonjwa waliovimba mwili kwa maradhi ya figo, na wengi wao wakaonekana walikuwa wakipaka krimu za kung'arisha zenye zebaki. Figo ndiyo inayoumia kwanza, kimyakimya, unaona tu mkojo una povu na macho yamevimba asubuhi. Zebaki pia inakaa kwenye taulo, kwenye foronya, na kwa mjamzito inavuka hadi kwa mtoto. Mkataba wa Minamata, uliotiwa saini mwaka 2013, uliweka mwaka 2020 kuwa mwisho wa vipodozi hivyo, na hapa kwetu vimepigwa marufuku, lakini vinapita. Tazama kopo la awali ambalo krimu ilitoka, si kikopo cha saluni: ukikuta neno mercury, calomel au mercurio, au onyo kwamba krimu isiguse dhahabu na fedha, hiyo ndiyo. Usiichome moto, maana mvuke wake ni sumu, wala usiimwage chooni. Ifunge kwenye mifuko miwili uje nayo.

Shida ya mkorogo ni kwamba hata aliyeuchanganya hajui jumla yake. Tyubu moja ya hiki, nusu kopo la kile, kijiko cha kitu kisicho na jina. Mara nyingi kuna haidrokwinoni pia, inayozuia kimeng'enya kinachotengeneza rangi. Daktari anaweza kuitumia kwa kipimo kidogo na kwa miezi michache kwa doa la usoni. Ikitumika miaka mingi juani, kwa watu weusi inaweza kuleta madoa ya rangi ya bluu iliyokoza mashavuni, madogo kama mbegu za papai, na hayo kuyafuta ni kazi ngumu mno. Madaktari wa Afrika Kusini waliyaeleza mwaka 1975, na nchi hiyo ikaiondoa haidrokwinoni kwenye vipodozi mwaka 1990.

Juzi nilikaa na mama mmoja, mkono wake juu ya meza yangu. Ngozi ya mkono ilikuwa kama ganda la ndani la kitunguu, mishipa unaihesabu. Alijigonga kidogo tu kwenye mlango wa daladala na pale palikuwa pamechanika kama karatasi. Chini ya kwapa na mapajani michirizi mipana, ya zambarau. Lakini vifundo vya vidole, vyeusi tii. Watu humcheka mtu wa namna hiyo. Mimi simcheki, na sitaki nawe ujicheke. Ngozi ya vifundo ni nene na inasuguliwa kila wakati, dawa haiingii pale sawasawa na usoni. Vidole vyako havijagoma. Vimenusurika.

Umeuliza kuhusu sindano. Zinazosifiwa zaidi ni za glutathioni, kitu ambacho mwili wako unajitengenezea kila siku. Vidonge vyake vimejaribiwa kwa watu wachache, mabadiliko yakawa madogo na ya muda. Sindano hazina ushahidi wa kuaminika kwa kazi ya kung'arisha, na Ufilipino, ambako zimeenea sana, mamlaka yao ya dawa imewaonya wananchi kuhusu madhara ya ini, figo na ngozi kubabuka. Ongeza sindano inayochomwa na mtu asiye na taaluma, na homa ya ini. Kwa hiyo hapana, si salama zaidi. Ukweli ambao hakuna muuzaji atakayekuambia ni huu: hakuna njia salama ya kubadilisha rangi ya mwili mzima ikabaki hivyo. Madoa ya chunusi yanatibika. Uso wenye vipande vya weusi unatibika. Rangi yako yenyewe si ugonjwa, haina tiba.

Ngoja nikueleze rangi ni kitu gani, maana tunaizungumza kama nguo wakati ni kiungo kinachofanya kazi. Chini kabisa ya tabaka la juu la ngozi kuna seli zinazotengeneza melanini. Idadi yake karibu ni ileile kwa Mzungu, kwa Mhindi na kwa Mdigo. Tofauti ni vifuko vya melanini wanavyotoa: vyetu ni vikubwa, vingi, vimetawanyika, na vinakaa juu ya kiini cha seli kama mwavuli. Tanga iko karibu nyuzi 5 kusini mwa ikweta, jua linapita utosini. Kama unataka kujua melanini ina thamani gani, waulize ndugu zetu wenye ualbino. Tanzania ina idadi kubwa, hukadiriwa mtu mmoja katika kila 1,400, na saratani ya ngozi huwapata wakiwa vijana. Kule hospitali ya KCMC, Moshi, kwenye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi, hutengenezwa mafuta ya kuwakinga na jua. Ni kazi kubwa ya kila siku, kumpa mtu kwa kopo sehemu tu ya kile ambacho wewe unalipa elfu kumi na tano kukifuta.

Hao Wazungu wa Ushongo nao tunawasema, tena sana. Mwaka 2009 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliviweka vitanda vya kujipatia rangi kwenye kundi moja na sigara, la vitu vilivyothibitika kuleta saratani. Hapo uko sahihi, kujiunguza ni kujiunguza. Lakini hamuulizwi swali moja. Yeye akirudi kwao na rangi yake ataulizwa likizo ilikuwaje. Asipoipata, hakuna atakayemnyima kazi. Wewe umeandika kwamba ulipokuwa mweupe ndipo ulipoanza kusikilizwa dukani. Nimekuamini, wala sitakuambia ni mawazo yako tu. Mji huu ulipimwa kwa rangi: wakati wa Wajerumani Waafrika walipangiwa Ngamiani, barabara zikapewa namba, na Wazungu wakakaa Raskazone kwenye upepo wa bahari. Chini ya Waingereza shule zilikuwa za namna tatu, za Wazungu, za Waasia na za Waafrika. Bibi yako alikulia ndani ya mpango huo, na mteja anayemgeukia muuzaji mweupe kwanza ameurithi bila kuujua. Kosa ni lake. Mzigo wa kulirekebisha kosa lake umeuweka wewe kwenye mashavu yako.

Kwa hiyo na lile la mama, kwamba umeukana uzao wake, sikubaliani nalo. Msichana aliyetafuta kusikilizwa kazini hajamkana mtu. Ila ukimkuta akilia, jaribu kufikiri anaona nini. Anaona uso aliouzaa unawaka, na haruhusiwi kuugusa.

Kuhusu wasanii, nina neno, kwa sababu hawa wanawaponza wasichana wengi wanaokuja kwangu. Picha haijawahi kuwa shahidi mwaminifu wa rangi yetu. Zamani za filamu, Kodak ilikuwa ikizipa maabara kadi ya picha ya mwanamke Mzungu, kadi za Shirley zikaitwa, na rangi za picha zilirekebishwa mpaka yeye aonekane vizuri. Weusi tukatoka kama kivuli chenye meno. Moja ya sababu zilizowasukuma kuboresha rangi za kahawia ni malalamiko ya watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao. Mbao zilisikilizwa kabla yetu! Leo simu yako ina programu inayopausha uso kabla hujaomba, msanii ana taa ya duara mbele na mhariri nyuma, nawe unajipima naye kwenye kioo cha chumba chenye balbu moja. Baadhi yao wanajichubua kweli, sikatai, na wana pesa za kuficha madhara yake kwa muda.

Lakini hata hilo la "karibu wote ni weupe" linategemea unamtazama nani. Flaviana Matata alikwenda Miss Universe mwaka 2007 akiwa na rangi yake na kichwa kipara, akaingia kumi bora. Mwigizaji Lupita Nyong'o alisimama Marekani mwaka 2014 akasema wazi kwamba utotoni alikuwa akimwomba Mungu aamke na ngozi nyeupe. Na Tanga hii ndiyo iliyokuwa na klabu ya taarabu iliyojiita Black Star, nyota nyeusi, aliyoiimbia Shakila binti Saidi. Watu wa rika langu tulikua na sauti hiyo redioni, na hakuna aliyeuliza rangi ya koo lililoitoa.

Wengine wataniambia kujing'arisha ni mila yetu ya pwani, mbona bi harusi husingwa? Hapo lazima tutenganishe. Singo ya bibi zetu, liwa, manjano, waridi lililosagwa, inasugua taka na seli zilizokufa, ngozi inang'aa na kunukia. Haibadilishi rangi, na haikukusudiwa kubadilisha. Somo, yaani kungwi wake, alikuwa akitaka bi harusi awe yeye, ila anayemeremeta. Ukipenda, fanya singo ngozi yako ikishapona, si sasa, maana sasa hata kitambaa kigumu kinaijeruhi. Na ndimu usiweke kabisa. Maji ya ndimu yakikutana na jua la saa saba huunguza na kuacha madoa meusi zaidi ya yale uliyotaka kuyaondoa.

Nimeacha mwisho lile la mwili wako na kodi yako, kwa kuwa nalichukulia kwa uzito. Ni kweli, mwili ni wako. Binti anayejilipia chumba Ngamiani kwa jasho lake ana haki ya kuamua, na nisingependa urudishwe Muheza kwa sababu ya barua hii. Ila tufanye hesabu pamoja. Kikopo kila wiki tatu ni vikopo 17 kwa mwaka, ni elfu 255, zaidi ya kodi ya miezi sita. Na hupaki tena kwa kupenda, unapaka kwa kuogopa moto. Hapo anayeamua ni kikopo.

Kuishi peke yako kumeongeza jambo ambalo pengine hukulifikiria: hakuna anayekuona mgongo. Kwenu dada au shangazi angekuwa amekwisha kusema, "We, huku nyuma kumekuwaje?" Basi leo usiku, washa kamera ya simu bila programu yoyote ya urembo, piga picha mgongo, chini ya kwapa, mapaja kwa ndani na nyuma ya magoti. Tafuta michirizi, mishipa midogo myekundu, mabaka ya mviringo yanayowasha pembeni. Hayo mabaka huenda ni fangasi waliojificha, kwa sababu steroidi inauzima mwasho huku fangasi wanaendelea kula. Zihifadhi nije nizione. Kama una rafiki mmoja mnayeaminiana hapo nyumbani, mwonyeshe. Utamhitaji pia wiki za arosto, wa kukutazama na kukuzuia usiku utakapotaka kurudia.

Nini kitatokea ukiacha? Sitakudanganya. Kwanza utakuwa mweusi kuliko ulivyokuwa, na kwa mabaka mabaka, kabla rangi haijakaa sawa. Watu barazani watasema. Dukani utaulizwa kama unaumwa. Kipindi hicho ndicho wengi hurudia, na si kwa ujinga. Jibu fupi linatosha: natibiwa ngozi. Ukali utapungua kwa kuogea maji ya baridi, sabuni isiyo na harufu kali, mafuta mazito ya mgando mara mbili kwa siku, na kitambaa chenye maji baridi dakika kumi uso unapowaka. Mafuta ya nazi yanafaa mwilini, usoni yanaweza kuziba na kuleta chunusi. Ukitoka mchana, mtandio au mwavuli. Michirizi haitafutika kabisa, itafifia. Hilo nakuambia sasa ili usije ukatapeliwa krimu nyingine ya kuifuta.

Lakini ngazi za kushuka sitakuandikia hapa. Bila kuiona ngozi yako, kupima presha, sukari na mkojo, na kujua kama kuna zebaki au mimba, nitakuwa nakisia kama wa saluni. Nenda hospitali ya Bombo uulize kliniki ya ngozi, au anzia kituo cha afya kilicho karibu nawe wakuandikie rufaa. Beba kila kitu: kikopo cha mkorogo hata kama kimekwisha, makopo na tyubu za asili ukizipata kwa yule dada wa saluni, sabuni, na kama ulikwisha kuchomwa sindano, chupa yake. Mwombe huyo dada kwa upole, huenda naye anapaka, na anaweza kuja nawe. Kunywa maji, kula kama kawaida, na asubuhi hiyo usipake kitu chochote usoni, tuuone ulivyo.